Kuihesabu Nafsi Mwaka Unapoanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Mwezi wa Muharram umetuingilia, na mwaka mwingine wa Hijria umeanza. Hesabu hii ya miaka iliwekwa na masahaba katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab. Hawakuianzia kwenye kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.) wala kwenye vita alivyoshinda, bali kwenye mwaka aliohama kutoka Makka kwenda Madina, yaani mwaka 622. Mwaka wetu, basi, umejengwa juu ya kuhama. Na kila unapoanza yatupasa tujiulize tunahama kutoka hali gani kwenda hali gani.

Hapa Tunduma twaijua safari. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hukaa foleni, na dereva hulala ndani ya gari, mbali na watoto wake. Mfanyabiashara huhangaika kati ya shilingi na kwacha, na bei ikigeuka ghafla mtaji hupotea. Kule Mbozi mkulima huingoja mvua, kisha huingoja bei ya kahawa. Tena wako walioingia katika mikopo ya riba ambayo watu wenyewe wameiita "kausha damu". Mchana mtu huyu hucheka na wenzake; usiku hapati usingizi, moyo humwenda mbio, chakula hakimpendezi, na swala huiona nzito. Akiulizwa hujibu: "Sijambo, alhamdulillahi." Na akithubutu kueleza, huambiwa kwamba imani yake ni dhaifu.

Ndugu zangu, neno hilo si la haki. Mtume wetu mwenyewe alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na wasiwasi na huzuni, na ajizi na uvivu, na uzito wa deni. Mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib umeitwa katika sira Mwaka wa Huzuni. Na Imamu al-Ghazali, alipokuwa mwalimu mkuu katika madrasa ya Nizamiyya huko Baghdad mwaka 1095, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, na chakula kikakataa kushuka. Matabibu walisema kwamba maradhi yalianzia moyoni. Habari hizi amezieleza yeye mwenyewe kitabuni, wala hakuona aibu.

Baada ya hayo ndipo alipotunga Ihyaa Ulumid-Din, na humo akafundisha jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani watalielewa upesi. Ifanye nafsi yako kama mshirika wako wa biashara: asubuhi iwekee masharti, mchana iangalie, jioni fungua daftari mhesabiane.

Masharti hayo yawe machache. Kwanza, mwili una haki yake: baada ya Isha weka simu mbali, ulale. Pili, deni liandike lote kwenye karatasi, umwonyeshe mkeo, au mumeo, au nduguyo mwaminifu. Wala usikope kwa riba ili kulipa riba. Tatu, kila juma mtafute mtu mmoja umweleze la moyoni, nawe umsikilize lake.

Ukivunja sharti leo, tubu, uanze tena kesho. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ndogo. Wakulima wa Mbozi wanajua kwamba mche wa kahawa hauzai mwaka uliopandwa, wala hakuna aung'oaye kwa sababu hiyo. Basi kwa nini wewe uikatie tamaa nafsi yako kwa juma moja?

Lakini huzuni ikikaa majuma mawili bila kuondoka, au mtu akianza kutamani kifo, hapo daftari peke yake halitoshi. Mpelekeni hospitali upesi, wala msimwache peke yake. Mtume wetu ameamrisha tujitibu, na akatueleza kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa. Maradhi ya moyo na akili ni maradhi kama homa. Wako waganga waliosomea kazi hiyo, na hospitali ya Mirembe huko Dodoma imewatibu watu kwa miaka mingi. Dua na dawa havigombani. Na nyinyi jamaa, msimfiche mgonjwa chumbani wala msimcheke. Mara nyingi mtu huanza kupona siku ile anapoulizwa kwa upole: "Unalalaje siku hizi?" na muulizaji akakaa angoje jibu.

Ewe Mola wetu, tuondolee wasiwasi na huzuni, tulipie madeni yetu, waponye wagonjwa wetu, na uufanye mwaka huu uwe wa kuhama kutoka dhiki kwenda faraja.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Wabillahi taufiq.