Matairi ya Ubavu Mfupi: Faida na Hasara Zake



Tairi lenye alama 205/55 R16 lina upana wa milimita 205. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 113 hivi. Katika 225/40 R18, kimo hicho ni milimita 90 tu.

Ubavu mfupi haupindi sana. Hivyo gari hutii usukani upesi na hutulia konani kwenye lami. Lakini upepo ulio ndani ya ubavu ndio unaopokea kishindo cha shimo. Ukipungua, rimu hupinda na tairi huchanika.

Gari la chama lifuatalo mazao kwenye njia za mashimo lastahili ubavu mrefu. Katibu na asome namba ya pili kabla ya kutia sahihi. Fedha ni za wanachama.