Dawa Ipo, Mgonjwa Haipati

Watafiti walipolichunguza eneo lenye watu 161,071 wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaoleta mtetemeko na kuufanya mwendo kuwa mzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, sembuse kupewa dawa.

Dawa yenyewe, levodopa, si ngeni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa levodopa wanyama waliokuwa wamepoteza uwezo wa kujongea, nao wakainuka. Mwaka 1967, George Cotzias alionyesha nchini Marekani kwamba dozi inayoongezwa polepole humrudishia mgonjwa mwendo wake. Leo levodopa iliyochanganywa na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na viwanda vingi huitengeneza.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kinachokwamisha ni ugavi. Zahanati haiagizi levodopa kwa kuwa haina mgonjwa aliyeandikishwa. Mgonjwa haandikishwi kwa kuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu yuko mbali, katika hospitali ya rufaa. Familia hubaki kununua dawa mjini, kwa fedha taslimu, mwezi baada ya mwezi, maisha yote.

Ndipo vidonge huanza kubaniwa.

Levodopa haikai sana mwilini: hata ikisaidiwa na kabidopa, kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo humezwa mara tatu au zaidi kwa siku. Mzee aliyeandikiwa vidonge vitatu akameza kimoja alfajiri atafunga vifungo vya shati mwenyewe na kutoka uani. Kabla ya adhuhuri miguu inagoma kwenye kizingiti, na mjukuu anaitwa kumshika mkono. Vikiisha ghafla, mwili unaweza kukakamaa na homa kupanda hadi kuhatarisha maisha.

Wengine hupewa triheksifenidili, dawa ya bei nafuu iliyozoeleka katika kliniki za afya ya akili. Hiyo hupunguza mtetemeko, lakini haisaidii sana uzito wa mwendo, na wazee huweza kuchanganyikiwa wakiitumia. Mbegu za upupu nazo zina levodopa ya asili, na zimejaribiwa kwa wagonjwa nchini Bolivia. Ila kiasi chake hutofautiana mbegu kwa mbegu, na kuzitumia bila kipimo ni hatari.

Mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa hadi 2031 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu. Kwa nchi zetu, utekelezaji uanzie kwenye vituo vya afya: matabibu wafundishwe kuutambua ugonjwa huu, bohari za dawa ziagize levodopa kwa makadirio ya wagonjwa waliopo vijijini badala ya kusubiri maombi, na bima ya afya ilipie dozi nzima ya kila mwezi.