Safari ya Baisikeli hadi Msata, na Hesabu Yake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tusimame mbele yenu jioni hii tueleze habari ya safari tuliyoifanya kwa baisikeli mwezi wa Juni, kutoka Dar es Salaam hadi Msata kwa njia ya Bagamoyo. Twaona haya kidogo, kwa kuwa sisi si wasemaji. Kazi yetu ni kalamu na majalada, na mtu aliyezoea kuandika maneno ya wengine huona taabu anapotakiwa kusema yake. Lakini safari hii mliichangia ninyi, na mwenye kutoa ana haki ya kujua kilichotendeka. Basi tutasema mambo mawili tu: kwanza njia ilivyokuwa, na pili hesabu ilivyokuwa. Twawaomba msituondokee baada ya lile la kwanza.

Asili ya shauri ni hii. Wengi wenu mwaijua safari iitwayo Twende Butiama, ambayo tangu mwaka 2019 waendesha baisikeli huondoka Dar es Salaam, wakapita mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, wakafika Butiama kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Na njiani hupanda miti na kuzisaidia shule. Mwalimu mwenyewe, mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Sisi hatuna likizo ya siku nyingi wala miguu ya namna ile. Lakini mzee wetu mmoja wa masjala alisema siku moja wakati wa chai, "Asiyeweza kwenda Butiama, na aende Msata." Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, maana ilikuwako barua mezani.

Barua hiyo ilitoka kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari iliyo ng'ambo ya Mto Ruvu. Alisema ya kuwa anao wanafunzi kumi, wengi wao wasichana, ambao hutembea kilomita kumi na zaidi kila asubuhi, na nyingine kama hizo wakati wa kurudi. Huondoka kwao gizani na kurudi gizani, na mtoto aliyefika darasani amechoka hasikii lolote. Hakuomba jengo wala gari. Aliomba baisikeli kumi.

Basi tukajitoa watu tisa. Kila mmoja akawaendea rafiki na jamaa, akaomba waahidi shilingi kadha wa kadha kwa kila kilomita atakayoiendesha kwa miguu yake mwenyewe. Ahadi zote zilipojumlishwa zilikuwa shilingi 24,000 kwa kilomita moja. Na kwa kuwa njia yote ni kama kilomita 130, jumla ilikuwa shilingi 3,120,000. Tukapatana pia kwamba chakula, malazi, na mafuta ya lori dogo la kutufuata vitatoka mifukoni mwetu, ili senti ya mtoto isiliwe na mtu mzima. Yule mzee wa masjala tukamfanya mtunza hazina, na daftari likawa mkononi mwake.

Tuliondoka Posta siku ya Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, kabla daladala hazijajaa barabarani. Baisikeli zetu nyingi zilikuwa za chuma, za gia moja, zenye keria nyuma. Yaani zile zile ziletazo mkaa na maziwa mjini. Tulipita Mwenge, tukafika Tegeta, na hapo malori ya saruji yalitufundisha adabu. Tangu hapo hatukwenda tena wawili wawili tukiongea, bali mmoja nyuma ya mwenzake, kwenye ukingo wa kushoto. Tulipopita Bunju, msongamano ukapungua, na upepo wa Kusi ukatupiga mgongoni. Wazee wetu wa majahazi waliungoja upepo huo ili uwapeleke kaskazini. Nasi, ijapokuwa hatukuwa na tanga, tulionja fadhili zake.

Lakini hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Vijana watatu wenye nguvu, walipouona upepo, walitangulia kwa kasi. Wa kati wakajikaza ili wasiachwe, na wa nyuma wakajikaza zaidi. Tulipopita Mapinga tayari tulikuwa tumegawanyika makundi matatu, na wa mbele hawakujua habari za wa nyuma. Tulipopita Kerege, mtunza hazina alishuka, akakaa chini ya mkorosho, akasema goti lake limekataa. Mwenye pampu na viraka alikuwa mbele. Mwenye dawa alikuwa mbele. Hata maji yalikuwa mbele. Tukapiga simu, nao wakarudi wakiwa na haya.

Mabwana, hapo chini ya mkorosho palitokea maneno ambayo twadhani ni wajibu kuwaambia. Shauri lilikuwa mzee apande lori hadi Bagamoyo, kilomita 17 zilizobaki. Mmoja wetu akasema, "Na apande, lakini katika daftari aandikwe ameendesha. Fedha ni za watoto, si zetu. Nani atakayedhurika?" Tukanyamaza, na kwa kweli wengi wetu tuliliona neno hilo kuwa la huruma. Mzee akaomba kalamu yake. Akasema, "Mimi nimeandika madaftari ya watu miaka ishirini na minane. Nikiandika kilomita moja ambayo sikuiendesha, kesho nani ataamini zile mia nilizoziendesha ninyi?" Akaandika mbele yetu: kilomita 17, kwa lori. Kisha akapanda na goti lake.

Waliomwahidi yeye walikuwa wameahidi jumla ya shilingi 4,000 kwa kilomita. Kwa hiyo mstari ule mmoja uliwapunguzia watoto shilingi 68,000. Twakiri kwamba siku ile tulisikitika.

Tulifika Bagamoyo kabla ya adhuhuri. Jioni, baada ya kupumzika, tulikwenda misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha tukateremka pwani kutazama majahazi. Na mtu wa kalamu akikaa Bagamoyo hawezi kuacha kukumbuka misafara. Huo ndio mji ambao wapagazi kutoka bara waliutua mzigo. Kila mmoja huchukua kama frasila mbili, miezi na miezi, akimfuata kirangozi aliyetangulia. Ndiyo maana watu husema jina la mji ni kubwaga moyo: kuna wasemao ni kutua wasiwasi kwa aliyefika salama, na kuna wasemao ni kukata tamaa kwa mtumwa aliyejua ya kuwa mbele yake ni bahari.

Tukakumbuka hasa msafara mmoja. Mwaka 1873 Daktari Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo katika nchi ya Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili, wakaufunga, wakauchukua zaidi ya kilomita 1,500 hata wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Jambo hilo twalijua sote. Lakini huenda si wote wajuao kwamba miongoni mwao alikuwamo kijana aliyesoma shule ya misheni, jina lake Jacob Wainwright, na kwamba kabla ya kuondoka, vitu vya marehemu viliorodheshwa, naye ndiye aliyeandika. Bwana wao amekufa. Hapana mwenye kuwakagua. Pwani ni mbali. Hata hivyo walianza safari kwa orodha. Tuliposema habari hii pale pwani, kila mtu alitazama goti la mzee wa masjala, wala hapana aliyelinena tena lile neno la mkorosho.

Usiku ule tulibadili taratibu. Tuliamua kwamba mwenye mwendo wa polepole awe wa pili, nyuma tu ya anayeongoza. Na wenye nguvu wakae mwisho, ili asibaki mtu. Pampu, viraka na gundi zikae kwa mtu wa mwisho, kwa sababu pancha humbakiza mtu nyuma, haimpeleki mbele. Maji yakagawiwa kila mtu. Haya yaonekana mambo madogo, lakini wasafiri wa zamani waliyajua, nasi tulilipa goti ili kuyajua.

Jumapili, baada ya ibada, tulishika njia ya Msata, ambayo ni kama kilomita 64, yote lami. Mzee alikataa lori. Alifunga goti kwa kitambaa, akakaa nafasi ya pili, nasi sote tukaenda kwa mwendo wake. Wale vijana watatu walinung'unika hadi Makurunge, kisha wakazoea. Tulivuka Mto Ruvu, mto ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Nasi tulioyanywa tangu utotoni tulisimama darajani kidogo tukautazama kwa heshima.

Ng'ambo ya mto tulimkuta mwalimu mkuu pamoja na wazazi wanatungoja. Baada ya salamu alituchukua hadi ghalani, akatuonyesha baisikeli nne zimening'inia ukutani. Alisema zilitolewa na watu wema miaka iliyopita. Moja haina mnyororo, mbili hazina tairi, na ya nne rimu imepinda. Akasema kwa upole, "Niliomba kumi katika barua. Leo, mkinipa saba na vipuri na mtu wa kuzitengeneza, nitashukuru kuliko mkinipa kumi tupu." Twakiri kwamba neno hilo halikuwamo katika mipango yetu. Tulikuwa tumefikiri sadaka huisha siku ya kupiga picha. Nasi tuliokuwa tumetia viraka mara tano katika siku mbili tulipaswa kujua zaidi.

Tulifika Msata saa kumi na moja na nusu jioni, hali tulikusudia kufika saa nane. Lakini tulifika tisa, kwa magurudumu kumi na manane, mzee akiwa wa pili. Tukaturudisha mili yetu Dar es Salaam kwa lori, wala hapana aliyeona haya.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twaingia katika jambo la pili, na twaona baadhi ya wanachama wanatazama mlango.

Ahadi zilikuwa shilingi 3,120,000. Tukiondoa zile 68,000 za kilomita 17, yapasa kupokewa shilingi 3,052,000. Hadi jana jioni zilizopokewa ni shilingi 2,140,000. Kwa fedha hizo tumenunua baisikeli saba kwa shilingi 260,000 kila moja, yaani 1,820,000. Na vipuri na zana, ikiwa ni tairi, mipira ya ndani, minyororo, spoku, spana na pampu mbili, kwa shilingi 245,000. Jumla ya matumizi ni 2,065,000, na zilizobaki katika sanduku ni 75,000. Fundi mmoja wa kijiji amekubali kuwafundisha wanafunzi wanne kazi ya kutengeneza, bila ujira. Stakabadhi zote zipo mezani kwa mtunza hazina, na kila mwanachama anaruhusiwa kuzitazama.

Zilizosalia nje ni shilingi 912,000. Hatutasoma majina. Majina mengine yamo humu chumbani, na wenyewe wanayajua. Hata sisi tunaosoma karatasi hii, tulipokuwa tukiandaa hesabu, tulikuta jina letu: tulimwahidi mwenzetu shilingi 500 kwa kilomita, tukaendesha sana, tukasahau kulipa. Tumelipa jana, na fedha hizo zimo katika zile zilizopokewa. Kwa hiyo hatusemi kama watu wasafi. Twasema kama watu waliooga jana.

Lakini lipo jambo la kustaajabisha. Wale waliomwahidi mzee wa masjala, aliyejipunguzia mwenyewe kilomita 17, wamelipa wote, hata wa mwisho. Mmoja wao alisema, "Huyu alinidai pungufu kuliko nilivyojiandaa, ningemnyimaje?" Basi mstari ule ambao tulidhani umewanyima watoto ndio uliolipwa kwa ukamilifu kuliko yote. Nasi wengine, tulioandika kilomita zote 130, ndio wenye madeni nje.

Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha kwanza cha Waafrika watumishi wa serikali katika nchi hii, walikuwa makarani na walimu kama sisi. Hawakuwa na mali. Walichokuwa nacho ni kwamba waliweza kuandika neno na kulisimamia. Urithi huo haugawanyiki wala hauuziki. Hutunzwa katika vitu vidogo, kama kilomita 17 na shilingi 500.

Mabibi na Mabwana, fedha zilizo nje zikiingia, tutanunua baisikeli tatu za mwisho na vipuri vyake. Katika orodha ya mwalimu mkuu majina saba yamewekewa alama, na matatu bado. Watoto hao watatu kesho wataondoka kwao gizani, kwa miguu, huku wakipitwa njiani na wenzao saba. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mtunza hazina atakaa karibu na mlango hadi saa mbili usiku, na daftari liko wazi.

Hayo ndiyo tuliyotumwa kusema.