Kurasa Kumi na Nane



Nimearifiwa kwamba kidato cha tano wamekwama katika kutengeneza jarida lao kwa kompyuta, nami nikaombwa niseme neno. Ufundi mkubwa sina. Nina aibu moja ya zamani, nayo ndiyo nitakayowapa.

Mwaka 2003, nikiwa chuo kikuu, tulipewa watu watano kazi ya kutoa jarida. Tulitumia programu iitwayo PageMaker, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefundishwa. Ukigusa safu hii, maneno ya safu ile yanakimbilia ukurasa mwingine. Kiongozi nilikuwa mimi, nadhani kwa sababu ya sauti yangu.

Mwenzetu mmoja, mtu mpole, alikuja na karatasi nne nyeupe. Alikuwa amezikunja katikati, akazipachika moja ndani ya nyingine na kuandika namba za kurasa kwa penseli. Nikamcheka mbele ya wote: "Ndugu, tuna kompyuta, wewe unacheza na karatasi?" Akazitia mfukoni, akanyamaza.

Siku ya kwenda kwa mpiga chapa nilibeba faili letu katika disketi. Alipolifungua, aina ya herufi tulizotumia haikuwamo katika kompyuta yake. Zikaja nyingine, mistari ikarefuka, maneno ya mwisho yakakosa mahali. Picha nazo zilikuwa vivuli tu. Kumbe programu ile haikuzibeba picha zetu kubwa ndani ya faili. Ilikumbuka tu mahali zilipowekwa, nazo zilibaki chuoni! Hayo yalikuwa na dawa. Nilipanda daladala, nikazifuata.

Ndipo akaniuliza kurasa ni ngapi. Nikajibu kwa fahari: 18. Akatabasamu. Karatasi moja ikikunjwa huzaa kurasa nne, kwa hiyo jarida la kubanwa pini katikati huwa na kurasa 16 au 20. Tena katika lile la kurasa 16, ukurasa wa 1 huchapwa ubavuni mwa wa 16, na wa 2 ubavuni mwa wa 15. Fedha tulizochanga zilitosha kurasa 16 tu.

Usiku ule nilibisha hodi chumbani kwa yule mwenzetu, nikamwomba zile karatasi zake. Alikuwa nazo bado. Hakunisimanga. Aliuliza tu, "Tutoe kurasa zipi mbili?" Kesho yake kikundi kilipokutana nilitaja makala za wengine, hakuna aliyeitikia. Makala yangu mimi ilikuwa ya kurasa mbili kamili. Nikaitoa.

Jarida lilichapwa. Yeye nilimwomba radhi, lakini faraghani, ilhali dharau niliifanya hadharani. Jambo hilo hunijia hata leo.

Sasa, kidato cha tano, nimekuja na karatasi nne nyeupe. Nani ana penseli?