Somo la Redio: Kunoa Makali na Kuendesha Duka la Zana

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Tukuyu na wilaya yote ya Rungwe, fungueni madaftari yenu, na kila mmoja awe na kalamu. Mwenye kisu, panga au jembe aliweke mezani mbele yake. Asilinoe sasa. Kwanza tusikilize.

Leo tutazungumza juu ya kazi ya kunoa na duka dogo la zana. Baadhi yenu mmeniuliza ni kazi gani mtu aweza kuianza hapa kwetu bila fedha nyingi. Kazi hii ni mojawapo. Wilaya yetu ni ya chai, ndizi, viazi na miti ya mbao, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichohitaji makali. Anayepogoa chai Katumba anahitaji kisu. Anayekata mkungu Masoko anahitaji panga. Anayelima viazi anahitaji jembe, na mama anayeuza nyama choma Kiwira anahitaji kisu kila siku. Vyuma hivyo vyote huwa butu.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Kabla ya majembe ya dukani kufika, Wakinga wa milima ya Livingstone walikuwa wahunzi hodari. Waliyeyusha chuma, wakafua majembe na mikuki, wakateremka nayo bondeni kuwauzia Wanyakyusa, nao wakarudi na chakula. Basi mtu wa Rungwe amejua tangu zamani kwamba chuma kizuri ni mali.

Sasa nitawaeleza jambo lililonipata. Mama yangu alikuwa na kisu cha jikoni alichokitumia miaka mingi. Siku moja nilikichukua, nikampelekea mnoaji mmoja mwenye mashine ya umeme. Alikibana kwenye jiwe, cheche zikaruka kama fataki, na baada ya dakika mbili akanirudishia kisu kinachong'aa. Nililipa, nikashukuru. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba ukingo wa kisu umegeuka rangi, umekuwa buluu. Siku ya kwanza kilikata vizuri mno. Siku ya tatu hakikuweza kukata nyanya. Tulikinoa tena, kikawa butu tena. Mama hakunigombeza. Alikiweka darini tu, akaazima kisu kwa jirani.

Je, kisu kile kilipatwa na nini? Chuma cha kisu hufanywa kigumu kiwandani kwa kukichoma moto na kukipoza kwa namna maalumu. Jiwe likizunguka kwa kasi na kushikiliwa mahali pamoja, ukingo ule mwembamba hupata moto mkali. Ukiona rangi ya buluu, ujue joto limefika kama nyuzi 300 za Selsiasi, na ule ugumu wa kiwandani umepotea. Chuma kimekuwa laini, na kukinoa tena hakurudishi ugumu wake. Dawa iliyobaki ni kuliondoa lile eneo lote lililoungua, yaani kukifanya kisu kiwe kidogo.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Mshonaji akikosea, hufumua na kushona tena. Mnoaji akikosea, hawezi kukirudisha chuma alichokiondoa. Kila anaponoa anapunguza mali ya mwenzake, na kwa hiyo mnoaji mwema ni yule anayeondoa chuma kidogo kabisa kinachotosha.

Tuanze basi na vifaa. Mtu anayeanza aweza kuwa na tupa mbili, moja ya meno makubwa na moja ya meno madogo, kinoo cha pande mbili, jiliwa la kubania chombo, ndoo ya maji, chupa ya mafuta, na kitambaa. Mashine ya umeme yaweza kungoja. Katika miji yetu wako wanoaji wanaotumia baiskeli: gurudumu la nyuma huinuliwa, na mtu akikanyaga pedali jiwe dogo huzunguka. Jiwe la namna hiyo haliendi kasi sana, hivyo halichomi chuma upesi.

Jambo la pili ni pembe ya makali. Chukua karatasi ya daftari. Kona yake ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo katikati, utapata nyuzi 45. Ikunje tena, utapata kama nyuzi 22. Mkunjo huu wa pili uwe kipimo chako. Kisu cha jikoni kinolewe kwa pembe iliyo ndogo kidogo kuliko huo mkunjo, kila upande. Panga na shoka vinolewe kwa pembe iliyo kubwa kidogo, kwa maana hugonga vitu vigumu. Jembe lahitaji pembe kubwa zaidi, karibu na mkunjo wa kwanza, kwa sababu hukutana na mawe. Ukilipa jembe makali ya wembe, litapinda siku ile ile.

Tena, si kila chombo hunolewa pande zote mbili. Jembe hunolewa upande mmoja. Mkasi wa kupogolea hunolewa upande ule tu uliochongwa mshazari. Upande uliolala sawa usiguswe, maana ukiuharibu, visu vya mkasi havitakutana.

Jambo la tatu ni mwendo wa mkono. Tupa hukata inaposukumwa mbele tu. Ukiivuta nyuma huku umeikandamiza, unaharibu meno yake. Basi sukuma, inua, rudisha, sukuma tena. Utajua upande mmoja umetosha pale utakapohisi uzi mwembamba wa chuma umepinda upande wa pili. Uhisi kwa kidole kutoka mgongoni kwenda nje ya ukingo, wala usitelezeshe kidole kufuata makali. Ukishauhisi uzi huo toka mwanzo wa kisu hadi ncha, acha. Geuza upande wa pili, kisha uondoe uzi kwa kinoo laini. Ukitumia mashine, pitisha kisu kwa wepesi, na ukichovye majini kila mara kabla hakijapata moto. Vaa miwani ya kukinga macho. Jiwe lenye ufa lisitumike kamwe, kwa kuwa laweza kupasuka na kuua.

Sasa twende mbali kidogo na Rungwe, tuone kwamba sheria hii ya makali ni moja duniani. Katika nchi za baridi kama Kanada kuna mchezo wa hoki unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye kisu kirefu chini ya soli, chenye unene wa kama milimita tatu. Msidhani mambo hayo hayajafika kwetu. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, Nairobi, na Wakenya wakajifunza mchezo huo mpaka wakaunda timu iitwayo Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Mwaka 2018 timu hiyo ilialikwa Kanada, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu.

Mchezo huo hauwezi kuchezwa bila mnoaji. Kisu cha kiatu cha barafu hakina ukingo mmoja kama panga. Chini yake kuna mfereji mwembamba uliochongwa toka mbele hadi nyuma, na mfereji huo huacha kingo mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Mnoaji huchonga mfereji kwa jiwe ambalo uso wake umeviringwa, na kiatu hupitishwa juu ya jiwe kwa urefu wake. Mfereji ukiwa na kina kikubwa, kiatu hung'ata barafu sana, lakini hutereza kwa shida. Ukiwa na kina kidogo, kiatu hutereza vizuri, lakini kwenye kona mchezaji aweza kuanguka. Na ukingo mmoja ukiwa juu kuliko wa pili, mchezaji huvutwa upande asiotaka. Kwa hiyo mnoaji huuliza kwanza: Una uzito gani? Unacheza namna gani? Ndipo anoe, na mwisho hupima kama kingo zote mbili zimelingana.

Duka la hoki huko Kanada huuza fimbo, glavu na viatu. Lakini fimbo moja hununuliwa mara chache, na kunoa huhitajika tena na tena. Kunoa ndiko kunakomrudisha mteja mlangoni. Akiwa pale, hukumbuka kwamba kamba ya kiatu imekatika, akainunua.

Na sisi tufanye hivyo hivyo. Mtu akikuletea panga karibu na soko la Tandale, muulize: Panga hili ni la migomba au la kuni? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha pembe. Na dukani mwako pawe na vitu vichache anavyovihitaji mtu wa panga: mipini, tupa, vinoo, mafuta na mabuti ya mpira. Usijaze rafu kwa vitu vitakavyolala mwaka mzima. Mvua ya Rungwe mnaijua. Chuma kisichouzwa kwetu hupata kutu. Panga lililonolewa lipakwe mafuta kidogo kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Yafaa pia kuangalia usafi. Magonjwa mengine ya mimea huenea kwa visu. Wakulima wa Kagera wamesumbuliwa sana na mnyauko wa migomba, na panga lililokata mgomba mgonjwa huupeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima. Dukani kwako mapanga ya mashamba mengi hukutana. Yaoshwe udongo na utomvu, kisha yafutwe kwa dawa ya klorini au yapitishwe kwa wepesi juu ya moto bila kuyachoma, kabla ya kwenda nyumbani. Na kisu cha chai kiwe kikali kweli, kwa sababu kisu butu hupasua shina, na jeraha lililopasuka huoza.

Sasa tufike kwenye daftari. Wako watakaosema, "Kazi hii ni ya mikono, kusoma kwa nini?" Nitawajibu. Tuseme katika miezi ya kupogoa chai umeletewa visu kumi na viwili kwa siku moja. Vyote vyafanana. Jioni baba mmoja anakuja, unampa kisu kisicho chake. Mwenye kisu anakuja kesho, anakikosa. Umepoteza wateja wawili, na huenda ukaitwa mwizi. Lakini kama umefunga kipande cha bati chenye namba kwenye kila mpini, na katika daftari umeandika tarehe, namba, jina la mwenyewe, chombo, bei, na kama amelipa, hapatakuwa na ugomvi. Herufi mlizojifunza darasani ndizo zitakazolinda heshima yenu. Wahenga wa biashara husema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tumalize kwa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Tupa moja ni shilingi 9,000, nayo hunoa mapanga 60. Kila panga basi hula tupa ya shilingi 150. Umenoa mapanga 12 kwa shilingi 1,000 kila moja, umepata 12,000. Ondoa tupa 1,800, kodi ya chumba 2,000, na chakula chako cha mchana 2,500. Jumla ya matumizi ni 6,300. Zimebaki 5,700. Weka 1,000 kando kwa ajili ya mashine. Fedha ya kupeleka nyumbani ni 4,700. Anayedhani kwamba zote 12,000 ni zake ataila tupa yake bila kujua, na siku itakapokwisha meno hatakuwa na ya kununulia nyingine.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini kisu kilichogeuka buluu hakikai na makali?
2. Kunja karatasi uonyeshe pembe ya kisu cha jikoni na pembe ya jembe.
3. Kwa nini mnoaji humuuliza mteja kabla ya kunoa?
4. Mnoaji amenoa mapanga 8 kwa bei ya mfano wetu. Kodi na chakula ni vile vile. Amebakiwa na kiasi gani?
5. Chora katika daftari lako ukurasa wa kupokelea vyombo, uandike wateja watatu.

Kazi ya nyumbani: chukueni kisu kimoja cha jikoni, mkinoe polepole kwa kinoo na maji. Msiondoe chuma zaidi ya kinachotosha. Kisha mkirudishe kwa mama mwenye jiko, aseme yeye kama kimenolewa.