Kuhamisha Faili Kubwa Kati ya Kompyuta Mbili za Nyumbani

Mada iliyotolewa katika semina ya makatibu na watunza hazina wa kamati za parokia, Tanga



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo likiandikwa kwenye ratiba linaonekana dogo: namna ya kutoa faili kubwa kwenye kompyuta moja na kuliingiza kwenye nyingine, pale nyumbani, bila kumwita fundi. Nilipoona nimepewa dakika ishirini kabla ya chakula cha mchana nilielewa kwamba hata waandaaji wanaliona dogo. Naomba niwaeleze kwa nini mimi silioni hivyo.

Mwaka 2007 nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Tulivuka kwa kivuko kutoka Pangani kwenda Bweni, tukaendelea hadi kijiji kimoja ambacho leo sitakitaja, tukawarekodi wazee kwa kamera ya video. Swali letu lilikuwa moja tu: zamani mlichota wapi? Watu wa pwani mnanielewa. Kisima huweza kutoa maji baridi wakati wa masika, lakini ukifika Januari na Februari kikageuka maji ya chumvi, kwa sababu maji ya mvua yakipungua ardhini yale ya bahari husogea kuchukua nafasi yake. Wazee wale walijua visima ambavyo havikugeuka hata mwaka wa ukame. Bibi mmoja alitembea nasi hadi nyuma ya mwembe, akapiga mguu chini, akasema: hapa.

Video ile ilikuwa na ukubwa wa gigabaiti 6. Ilikaa kwenye kompyuta ya zamani sebuleni kwangu. Nami nilikuwa nimepata kompyuta nyingine, iliyotumika lakini yenye nguvu kidogo zaidi, nikaiweka chumbani. Kutoka moja hadi nyingine ni hatua kama kumi.

Kuipeleka kwa intaneti halikuwa jambo la kufikiria. Kumbukeni kwamba waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti na laini ya simu ya mezani. Laini hiyo, ikiwa katika hali yake bora kabisa, ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde. Pigeni hesabu: gigabaiti 6 ni biti bilioni 48. Ni siku kumi mfululizo, usiku na mchana, bila laini kukatika hata mara moja. Kwa basi ungekwenda Dar es Salaam na kurudi kila siku, na bado ungebaki unasubiri.

Basi nikaazima diski ya nje. Ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 40, tupu kabisa, lakini kila nilipoiwekea video ikakataa na kuniambia haina nafasi ya kutosha. Nikadhani imeharibika. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu najua humu ndani wapo watu waliotupa flashi nzima kwa kosa hili hili. Diski hupangwa ndani kwa mfumo fulani, kama daftari linavyopigwa mistari kabla ya kuandikiwa. Mfumo wa zamani unaoitwa FAT32, ambao hata leo uko kwenye flashi nyingi, haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Mafaili madogo elfu moja utayaweka. Moja la gigabaiti 6 halipiti mlangoni hata kama nyumba nzima ni tupu.

Dawa ni mbili. Unaweza kuipanga upya diski kwa mfumo wa exFAT, ambao hauna kizuizi hicho, lakini kuipanga upya ni kufuta kila kilichomo, kwa hiyo angalia kwanza. Au unaligawa faili vipande. Programu ya bure ya 7-Zip hufanya kazi hiyo: unachagua kila kipande kiwe na ukubwa gani, unavipeleka vyote, na upande wa pili unaviweka katika folda moja kisha unaviunganisha. Kikipungua kipande kimoja faili zima halifunguki, hivyo hesabuni vipande kama mnavyohesabu watoto kwenye safari.

Mimi nililigawa. Kisha nikafanya kosa ambalo limenileta mbele yenu. Badala ya kunakili, nilichagua kukata na kubandika. Niliona ni nadhifu: vitu vinatoka huku, vinakwenda kule, nafasi inabaki wazi. Kompyuta ikaniambia imemaliza, nikaichomoa diski pale pale na kwenda nayo chumbani. Kule ikafunguka ikiwa haina kitu, ikauliza kama nataka kuipanga upya.

Kompyuta inaposema imemaliza, mara nyingine haijamaliza. Huweka sehemu ya kazi kwenye kumbukumbu yake ya muda na kuiandika kwenye diski kidogo kidogo, ili isikucheleweshe. Ndiyo maana ipo amri ya kuiondoa diski kwa usalama. Ukichomoa kabla, au umeme ukikatika (nasi tunaujua umeme wetu), orodha inayoonyesha faili lipi liko wapi huweza kuvurugika. Faili huenda bado limo, lakini hakuna tena anayejua njia ya kulifikia.

Hata hapo palikuwa na matumaini. Faili lililofutwa halitoweki mara moja; kompyuta hufuta jina lake kwenye orodha tu, na yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama ningeizima kompyuta ya sebuleni na kumwita mtu mwenye programu ya kufufua mafaili, pengine tungeyapata. Lakini mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, alikwishaanza kuiwekea Windows upya ili apate pa kuchezea michezo. Sikumlaumu. Sikuwa nimemwambia lolote.

Tulirudi kijijini mwaka uliofuata. Bibi yule alikuwa amefariki, na wazee wengine wawili. Mwembe tuliujua, ni upande gani wa mwembe, na hatua ngapi, hatukukubaliana. Kisima cha kwanza tulichochimba kilitoa maji mazuri mwezi wa Mei na ya chumvi mwezi wa Februari. Fedha zile zilitoka kwa watu kama ninyi mlioketi mbele hapa, na taarifa niliyoiandika ilisema tu kwamba hali ya kijiolojia ilikuwa ngumu. Leo nawaambia kilichotokea.

Sasa tuje kwenye njia. Ninayoipenda ni waya wa mtandao, ule wenye vichwa vinavyofanana na vya simu ya mezani ila vipana zaidi. Unaunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, bila kitu katikati. Zamani ilibidi uwe waya maalumu ambao nyaya zake za ndani zimepishanishwa. Kompyuta za siku hizi hujirekebisha zenyewe, waya wowote unafaa. Kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 6 huchukua dakika nane kwa hesabu ya karatasi. Wekeni kumi hadi kumi na tano. Usichanganye biti na baiti, maana baiti moja ni biti nane, na wauzaji hupenda kutaja namba kubwa. Kompyuta zisipoonana, zipeni anwani kwa mkono: moja 192.168.0.1, nyingine 192.168.0.2, na kwenye nafasi ya pili zote andika 255.255.255.0. Kisha unaruhusu folda moja ionekane kwa mwenzake. Folda moja tu, si diski nzima. Ukimaliza, funga ruhusa hiyo. Kompyuta mpakato nyingi mpya hazina tundu la waya huu. Kuna kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB.

Kama nyumbani kuna kifaa cha Wi-Fi, kompyuta mbili zilizounganishwa nacho zinaweza kupeana faili hata kama bando limekwisha. Faili halitoki nje ya nyumba. Wengi hawalijui hili. Mtu yuko Chumbageni na mkewe yuko chumba cha pili, lakini video inapakiwa hadi kwenye mitambo iliyo nchi nyingine, kisha inashushwa tena, na bando linaliwa mara mbili. Barua pepe ya Gmail inakubali viambatisho vya megabaiti 25 tu. WhatsApp tangu mwaka 2022 inapokea hati hadi gigabaiti 2, lakini ukituma video kama video huibana na kupunguza ubora. Itume kama hati.

Flashi na diski nazo si mbaya, hasa kwa sisi tulio mbali na umeme wa uhakika. Zikaguliwe virusi kwanza. Wengine mtakumbuka Conficker wa mwishoni mwa 2008, aliyejua kusafiri kwa flashi kutoka ofisi moja hadi nyingine. Na walio Pangani na Mkinga, zifunikeni: hewa ya bahari hula vyuma vya vichwa hivyo taratibu, na siku moja flashi haisomeki.

Kwa njia yoyote mtakayotumia, nakilini, msikate. Kisha fungueni faili upande wa pili, na si kuangalia jina lake tu. Chezesha video mwanzo, katikati na mwisho. Linganisha ukubwa kwa baiti, namba yote ndefu. Anayetaka uhakika zaidi atumie 7-Zip ile ile kutoa alama ya SHA-256 ya faili, ambayo ni kama alama ya kidole: baiti moja ikibadilika, alama yote inakuwa nyingine. Ile nakala ya kwanza ikae mpaka mtu wa pili, si wewe, athibitishe.

Mkisafirisha orodha za wagonjwa au za watoto yatima, zifungwe kwa neno la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na flashi iliyodondoka kwenye daladala haitamuuliza aliyeiokota kama anaijua sheria.

Kwa wafadhili nina neno moja. Mnatudai picha na video za kila mradi, na ni haki yenu. Lakini katika fomu nyingi za bajeti nilizojaza sijaona mstari wa diski ya akiba. Tunaificha kwenye shajala, au hatununui. Wekeni mstari huo.

Ndugu Mwenyekiti, naona chakula kimefika. Waya nimeuweka pale mezani karibu na dirisha, pamoja na kompyuta mbili na faili la gigabaiti 6. Makatibu wa Muheza waanze. Wa Korogwe wafuate baada ya chakula.