Meno ya Mtoto Yaliyoungana: Tazama, Uliza, Usiharakishe Kung'oa



Mama wa Mbagala au Bunju huweza kumsafisha mwanawe kinywa asubuhi akaona jino la mbele la chini ni pana kuliko mengine, nalo lina mfereji katikati, mfano wa meno mawili yaliyoshikana. Hofu humwingia. Jirani mmoja humwambia ni mkosi. Mwingine humwelekeza kwa mtu wa kuling'oa.

Hayo ni meno yaliyoungana. Vijimeno viwili hushikamana vingali ndani ya taya, kabla ya kuchomoza. Huwapata watoto wachache, hasa katika meno ya mbele ya chini. Si laana, wala si kosa la mama.

Mtoto hukamilisha meno 20 ya utotoni akikaribia miaka 3, yaani 10 katika kila taya. Ukilihesabu jino pana kuwa moja, kisha ukapata 9 katika taya hilo, yaelekea mawili yameungana. Ukipata 10, yaelekea ni jino moja lililoanza kugawanyika. Mwelezeni daktari hesabu hiyo.

Mara nyingi jino hilo halihitaji kung'olewa. Lahitaji kwanza usafi, kwa kuwa mfereji wake hushika mabaki ya chakula na kuoza upesi. Mpigisheni mtoto mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere. Pili, daktari aweza kuuziba mfereji huo kabla haujatoboka. Tatu, lahitaji kufuatiliwa. Mtoto akikaribia miaka 6, picha ya eksirei huonyesha kama jino la kudumu lipo chini yake, kwani pengine huwa halipo. Jino pana likichelewa kutoka na kulizuia la kudumu, hapo ndipo kung'oa huwa na sababu.

Sharti nitaje na hatari nyingine tuijuayo hapa nchini: yale yaitwayo meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, uvimbe wa kawaida wa fizi husingiziwa kuwa ndio ugonjwa, na vijimeno hufukuliwa kwa chuma. Mtoto hutokwa damu, huambukizwa, na hata jino la kudumu laweza kuharibika. Kuharisha kwenyewe huwa hakujatibiwa. Mtoto huyo apewe maji ya ORS, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya upesi.

Kabla ya kulipa, mna haki ya kuuliza: Je, mtoa huduma amesajiliwa? Tatizo ni nini? Ipo njia isiyohitaji kung'oa? Gharama yote ni kiasi gani, na bima italipia kipi? Daini stakabadhi. Wakazi wa Kinondoni wanayo Hospitali ya Mwananyamala, na wa Temeke wanayo Hospitali ya Temeke. Tatizo kubwa hupelekwa Muhimbili.

Jino la utotoni hulinda nafasi ya jino la kudumu. Likitolewa bila sababu, halirudishwi. Basi tazameni, ulizeni, ndipo mwamue.